Sura ya Saba: Nyumba Bila Ardhi

Katika mtaa wa Majengo, Mombasa, mtu anaweza kuwa mwenye nyumba asiwe mwenye kiwanja. Nyumba ni yake: aliijenga yeye au baba yake, anaipangisha chumba kwa chumba, akitaka anaiuza, na akifa warithi wake wanagawana. Kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine, na mwenye nyumba humlipa huyo kodi ya ardhi. Utaratibu huu, ambao mjini Mombasa unajulikana kama nyumba bila ardhi, hauko Majengo peke yake. Uko Kisauni, uko Likoni, na ndugu yake yuko mashambani pwani nzima, ambako minazi inaweza kuwa ya mtu na udongo ukawa wa mwingine. Sheria ya Kiingereza haikuja na wazo hilo. Kanuni yake, iliyorithiwa kutoka kwa Warumi, ni kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi na humfuata mwenye ardhi. Lakini Pwani ilikuwa na desturi yake na fikihi yake kabla ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, na desturi hiyo imedumu: nyumba ni kitu na kiwanja ni kitu. Nimeichagua Majengo kwa sura hii kwa sababu mwanafunzi akipewa kazi ya kuandika programu ya daftari la mali za mtaa huo, ataingia moja kwa moja katika makosa mawili makubwa ya uandishi wa programu kwa objekti: kupanua klasi isiyopaswa kupanuliwa, kisha kukasti, yaani kudai kwamba kitu ni cha aina fulani, ili kuuficha upanuzi huo. Nitadai kwamba makosa hayo kwa kweli ni kosa moja.

Tukumbushane msingi kwanza. Klasi ni maelezo ya aina ya kitu: kina sifa gani na kinaweza kufanya nini. Objekti ni kitu kimoja cha aina hiyo, kilichoumbwa programu ikiwa inatembea. Kupanua klasi ni kuandika klasi mpya inayoanzia pale ile ya kwanza ilipoishia: inapokea sifa zote na kazi zote za klasi mama, kisha inaongeza zake. Wazo hilo lilizaliwa Oslo, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Wawili hao walikuwa wakitengeneza lugha ya kuigiza mifumo ya foleni, na mfano mmoja waliokuwa nao mezani ulikuwa wa kibanda cha ushuru darajani, na magari yanayongoja kulipa, haya malori na yale mabasi. Malori na mabasi yanatofautiana kwa mengi, ila katika foleni yote ni magari, na foleni haina haja ya kujua zaidi ya hapo. Yeyote aliyengoja kivuko cha Likoni analielewa tatizo hilo bila kuchorewa. Faida yake ni kubwa, nami sina nia ya kuipunguza: unaandika foleni mara moja tu, na kila aina ya gari itakayobuniwa kesho itaingia katika foleni hiyo bila kubadilisha hata mstari mmoja.

Sasa tazama mwanafunzi wetu anavyoanza daftari lake. Vitabu vingi vimemfundisha kujiuliza swali moja, yaani je, hiki ni aina ya kile? Anaandika klasi ya Kiwanja, yenye namba, eneo, mipaka na mwenyewe, na kazi ya kuuza inayobadilisha jina la mwenyewe. Halafu anatazama nyumba. Nyumba nayo ina mahali, ina eneo, ina mwenyewe, inauzwa. Kwa haraka inaonekana kwamba nyumba ni kiwanja kilichoongezewa kuta, vyumba na wapangaji, basi anaandika Nyumba inayopanua Kiwanja. Msimbo unapita bila lawama kwenye kompaila, programu inayoukagua na kuutafsiri. Majaribio ya kwanza yanapita, hasa akijaribu kwa nyumba za mitaa ambako mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi. Tatizo linakuja siku nyumba ya kwanza ya Majengo inapoingizwa. Kila Nyumba sasa imezaliwa ikiwa ni Kiwanja, kwa hiyo ukiiuza umeuza ardhi, na ukitafuta viwanja vya mtaa unapata nyumba zimehesabiwa kama viwanja, kila kimoja mara mbili. Mwanafunzi hataki kubomoa alichojenga. Anaongeza klasi ya tatu, NyumbaBilaArdhi, inayopanua Nyumba, na ndani yake anaiandika upya kazi ya kuuza ili isiguse ardhi. Kisha katika kila sehemu ya programu inayopokea Kiwanja, ripoti ya kodi, orodha ya hati, hesabu ya mirathi, anaanza kuweka swali: je, kiwanja hiki kwa kweli ni NyumbaBilaArdhi? Kama ndiyo, kikasti kiwe hivyo, halafu fanya vingine. Daftari sasa lina makumi ya maswali ya namna hiyo, na kila mtu atakayeongeza ripoti mpya lazima akumbuke kuuliza.

Ni lazima tuelewe kasti inafanya nini, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kompaila haikioni kitu chenyewe. Inaona aina ya kigeu kinachokishika. Tuseme kuna klasi pana ya Mali, mama wa Nyumba. Ukiiweka Nyumba katika kigeu cha aina ya Mali, objekti haijapungua chochote. Kompaila ndiyo iliyoacha kujua kwamba ni nyumba. Kukasti kwenda juu namna hiyo hakuna hatari, kwa sababu kila nyumba ni mali. Kukasti kwenda chini, kutoka Mali kurudi Nyumba, ni dai. Mwandishi wa programu anaiambia kompaila: mimi najua usichojua, niamini. Lugha ya Java hulipokea dai hilo kwa masharti na kulikagua programu inapotembea. Likiwa la uongo, kazi inakatika hapohapo. C++ ina namna ya kukasti isiyokagua chochote, na dai la uongo huko huishia kusoma kumbukumbu ya kompyuta kana kwamba ina kitu ambacho haina. Katika hali zote mbili, kasti haijakigusa kitu. Haijaongeza vyumba wala haijaondoa mwenye ardhi. Mwanafunzi anayeamini kwamba amekigeuza kiwanja kuwa nyumba kwa kuandika jina la klasi ndani ya mabano amebadilisha tu namna anavyokitazama.

Kuna jambo la pili linaloitwa kwa jina hilohilo, nalo hutenda kinyume. Ukikasti namba yenye desimali iwe namba kamili, kompyuta inaunda thamani mpya, na kilichobaki nje kinatupwa bila taarifa: kodi ya shilingi 750.50 inakuwa 750. Namba ya simu inayoanza na 07 ikihifadhiwa kama namba kamili inapoteza sifuri yake ya mwanzo, kwa sababu hesabu haijui sifuri ya mbele ina maana gani kwa mtu anayepiga simu. Mfano mashuhuri wa aina hii ni roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 4 Juni 1996. Kifaa cha uelekeo kilijaribu kugeuza thamani ya biti 64 yenye desimali, iliyohusiana na mwendo wa mlalo, iwe namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Thamani ilizidi, na kifaa kikakwama. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ileile, nacho kilikuwa kimekwama kwa sababu ileile, na sekunde 40 hivi baada ya safari kuanza roketi ikasambaratika. Sehemu hiyo ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukufika huko. Kwa hiyo msimbo haukuwa mbovu mahali ulipozaliwa. Kilichoharibika ni kwamba sharti lililokuwa kweli kwa roketi ya kwanza halikusafiri pamoja na msimbo wake kwenda kwa ya pili.

Nazitaja aina zote mbili kwa sababu zinakutana katika jambo moja, nalo ndilo hoja ya sura hii. Kasti huonekana pale ambapo sehemu moja ya programu ilijua kitu, ikakipitisha kupitia mlango usioweza kubeba ujuzi huo, na sehemu nyingine ikalazimika kubahatisha au kudai. Kwa hiyo unapoikuta kasti, usianze kwa kuuliza kama ni salama. Uliza ujuzi ulipotelea wapi. Mara nyingi utakuta ulipotea kwenye klasi mama, ama kwa kuwa ilichorwa pana mno, ama kwa kuwa ilitoa ahadi ambayo watoto wake hawawezi kuitimiza.

Ushahidi mzuri zaidi wa dai hili unatoka kwenye historia ya Java yenyewe. Kwa karibu miaka kumi, orodha ya Java ilikuwa haijui imebeba nini. Ungeweka ndani majina ya wapangaji, na ukitaka kutoa jina moja ungepewa kitu cha aina pana kuliko zote, kisha ulazimike kukikasti kiwe neno. Programu za miaka ile zimejaa kasti, na waandishi wake hawakuwa wazembe. Lugha haikuwapa namna ya kusema hii ni orodha ya maneno. Mwaka 2004 toleo la tano la Java lilileta aina zenye vigezo, orodha ikapata kutaja kilicho ndani yake, na kasti hizo hazikuhitaji tena kuandikwa na mtu. Hazikukatazwa na mtu. Zilikosa kazi, kwa sababu ujuzi ulikuwa haupotei tena njiani. Wanaojifunza kutengeneza programu za simu, Mombasa kama kwingineko, wamepitia historia hiyohiyo kwa ufupi. Katika Android ya zamani kila kitufe kilichochukuliwa kutoka kwenye ukurasa kilikuja kama kitu cha kuonyeshwa tu, na ulikikasti kuwa kitufe. Mwaka 2017 kazi ya kuchukua vitu kutoka kwenye ukurasa iliandikwa upya na kasti ikatoweka machoni, ingawa hapa lazima niwe mkweli: iliingia ndani ya kazi yenyewe, bado ikiwa dai lisilokaguliwa ipasavyo, na ukitaja kitufe pale penye picha programu inaanguka vilevile. Ilihitajika hatua nyingine, ya vifaa vinavyosoma ukurasa wenyewe na kuandika klasi yenye aina sahihi za vilivyomo, ndipo dai likawa ujuzi. Kuificha kasti ni rahisi. Kazi iko katika kuifanya isihitajike.

Turudi Mombasa, kwenye mali ngumu kuliko nyumba bila ardhi. Kisiwa kina ardhi na majengo ya wakfu, na kuna Tume ya Wakfu inayosimamia baadhi yake. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Kinachotumika ni manufaa yake, kwa msikiti, kwa maskini, au kwa kizazi cha aliyeiweka. Sasa mwanafunzi anauliza swali lake lilelile: je, kiwanja cha wakfu ni aina ya kiwanja? Kwa lugha ya kila siku jibu ni ndiyo bila shaka. Kina mipaka, kina namba, kinapimwa kwa futi kama vingine. Anaandika Wakfu inayopanua Kiwanja, na papo hapo anakuta amerithi kazi ya kuuza. Afanye nini nayo? Akiiacha, programu itauza wakfu. Akiifanya isitende kitu, mtu atauza na kupata risiti ya mauzo ambayo hayakutokea. Akiifanya itoe kosa, basi kila sehemu ya programu iliyoandikwa kwa imani kwamba viwanja vinauzwa itaanguka siku itakapokutana na wakfu, nayo italindwa kwa kasti na maswali kama yale ya mwanzo. Hakuna chaguo la nne ndani ya upanuzi huo. Barbara Liskov, katika hotuba yake ya 1987, alilieleza tatizo hili kwa kipimo ambacho hakijapitwa: mtoto anastahili kuwa mtoto pale tu ambapo unaweza kumweka mahali pa mama na programu iliyotegemea ahadi za mama ikaendelea bila kujua tofauti. Kipimo hicho hakiulizi vitu vinafanana vipi. Kinauliza ahadi. Kiwanja cha wakfu kinafanana na kiwanja kwa kila sifa, na hakiwezi kutimiza ahadi moja, na hiyo moja inatosha kukiondoa katika ukoo.

Hili lina historia nje ya kompyuta, nami nalipa uzito wa kweli. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal ya India, Baraza la Privy la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua kwamba wakfu wa familia, ambao fungu la maskini ndani yake liko mbali mno, si wakfu halali. India ilitunga sheria mwaka 1913 kuutengua uamuzi huo. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Baraza lilelile liliushikilia uamuzi wa 1894 katika kesi iliyotoka Kenya. Majaji walikuwa na aina waliyoizoea, amana ya hisani ya Kiingereza, wakauweka wakfu chini yake, na pale ambapo wakfu haukutimiza ahadi za amana hiyo wakasema kwamba wakfu ndio wenye kasoro. Wakfu wenyewe haukubadilika hata chembe kwa kutazamwa hivyo, lakini familia zilipoteza zilichoachiwa. Mwandishi wa programu ya ardhi ana uwezo kama huo mkononi. Klasi atakayoichora itakuwa ndiyo aina pekee ambayo ofisi nzima inaweza kuona, na karani aliye mbele ya skrini hana baraza la kukatia rufaa.

Atakayesema kwamba haya ni matatizo ya vitabuni aitazame programu ya OpenMRS. Ni programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, imeandikwa kwa Java, ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Indiana na madaktari wa Eldoret, ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na ndiyo msingi wa KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya afya vya umma nchini. Ndani yake kuna klasi ya Mtu. Mgonjwa anaipanua Mtu, na hapo zamani Mtumiaji wa mfumo, yaani muuguzi au karani mwenye neno la siri, naye aliipanua Mtu. Kwa maneno hakuna kosa lolote: mgonjwa ni mtu, muuguzi ni mtu. Lakini muuguzi huumwa. Siku anapotibiwa katika kituo anachofanyia kazi, mtu mmoja lazima awe objekti ya Mgonjwa na objekti ya Mtumiaji, na objekti moja ya Java ina klasi moja tu tangu inapoumbwa hadi inapotupwa. Hakuna kasti inayoweza kumvusha kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kwa kuwa hawa ni ndugu, hakuna aliye juu ya mwenzake. Baadaye watengenezaji waliikata nasaba hiyo. Mtumiaji wa leo si aina ya Mtu. Ni akaunti iliyo na Mtu ndani yake. Mgonjwa amebaki mtoto wa Mtu, na sioni kosa hapo, maana hakuna ahadi ya Mtu ambayo Mgonjwa anaivunja.

Programu hiyohiyo ina mfano wa pili ulio mchungu zaidi. Vipimo vyote vimeelezwa kwa klasi moja ya dhana, na dhana za namba, kama kiwango cha damu au uzito, ni klasi inayoipanua, yenye kikomo cha juu na cha chini. Sehemu inayosoma hifadhidata inaweza, kwa sababu za kasi, kuwa imeshaleta dhana fulani ikiwa katika umbo la mama, kabla mtu hajauliza ile ya namba. Ukijaribu kuikasti hapo, inagoma, ingawa hifadhidata yenyewe inajua kwamba ni dhana ya namba. Watengenezaji walilazimika kuandika kazi maalumu inayokitoa kitu hicho kwenye kumbukumbu ya muda na kukisoma upya. Ujuzi upo, umeandikwa kwenye jedwali, na bado ulipotea katika hatua chache kati ya diski na skrini. Hilo ndilo ninalolisema kuhusu kasti, katika programu inayobeba vipimo vya wagonjwa halisi.

Basi daftari la Majengo liandikwe vipi? Kiwanja kibaki Kiwanja na Nyumba iwe Nyumba, hakuna anayempanua mwenzake. Nyumba ina kiwanja ilichosimama juu yake, kama ambavyo ina vyumba. Umiliki utolewe ndani ya vyote viwili, upewe klasi yake, tuiite Haki: inataja nani, juu ya kitu gani, tangu lini na hadi lini. Mwenye nyumba ana Haki juu ya nyumba, mwenye kiwanja ana Haki juu ya kiwanja, na kodi ya ardhi ni mkataba unaoziunganisha Haki mbili. Kuuza nako kusiwe ahadi ya kila mali. Kuwe ni mkataba wa pekee, ule ambao Java huuita intafesi, na Haki ya kawaida iutie sahihi huku Haki ya wakfu ikiuacha. Matokeo yake yanapendeza. Mtu akijaribu kuandika mstari unaouza wakfu, kompaila inamkatalia akiwa bado mezani, kabla programu haijafika kwa karani. Nyumba ya mtu binafsi iliyosimama juu ya kiwanja cha wakfu inauzika, kiwanja hakiuziki, na hakuna swali hata moja la aina wala kasti iliyohitajika kusema hivyo.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba hii ni kazi zaidi, na ana haki. Anayepanua klasi hupata kazi kumi bila kuandika neno; anayeweka kitu ndani ya kitu lazima aandike mwenyewe jinsi ombi linavyopitishwa. Lakini pima gharama hiyo kwa muda mrefu. Klasi ya Stack, bunda ambalo kitu hutolewa juu tu, ilifanywa mtoto wa Vector katika Java ya kwanza kabisa ili kuokoa uandishi wa mistari michache. Kwa kurithi huko ikapokea kazi ya kuingiza kitu katikati ya bunda, jambo ambalo bunda halipaswi kulijua. Kosa hilo lilionekana mapema, na liko mpaka leo, kwa sababu programu za watu tayari zinaitegemea nasaba hiyo. Mistari michache iliyookolewa katika miaka ya 1990 imekuwa deni lisiloweza kulipwa.

Wa pili atasema kwamba kasti haikwepeki, kwa kuwa data kutoka nje haina aina. Ujumbe wa malipo ya simu unafika ukiwa maandishi matupu. Lazima mtu aseme kwamba hii ni fedha na hii ni tarehe. Nakubali kabisa. Ndiyo maana sisemi kasti ipigwe marufuku. Iwekwe mlangoni, mahali pamoja, penye ukaguzi na jibu la kueleweka pale data inapokataa, na ikishapita humo ndani pasiwe na wa kuuliza tena. Programu yenye kasti tano mlangoni ni nzima kuliko yenye mbili zilizofichwa katika hesabu ya mirathi.

Wa tatu ni mpenzi wa Python, atakayesema kwamba lugha yake haina haja ya kukasti objekti, kwa hiyo tatizo hili ni la Java na jamaa zake. Ni kweli kwamba Python haidai aina ya kigeu mapema. Lakini Wakfu inayopanua Kiwanja itarithi kazi ya kuuza kwa Python kama kwa Java, na maswali ya je, hiki ni nini, yatarudi kwa sura nyingine katikati ya kazi. Kilichoondoka ni kompaila iliyokuwa ikikuonya. Ahadi ipo, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Na upo upinzani mwingine ninaouheshimu zaidi, usemao kwamba palipo na aina chache zinazojulikana zote, kuuliza aina si aibu. Java imekubali hivyo rasmi: tangu 2021 klasi mama inaweza kuwataja watoto wake wote kwa majina, na tangu 2023 kompaila inaweza kuhakikisha kwamba swali la aina limewagusa wote. Hapo ujuzi haujapotea, umeandikwa juu kabisa, na swali la aina linakuwa halali. Ni ruhusa nzuri kwa vitu visivyoongezeka, kama hali za mkataba wa kodi. Kwa haki za ardhi nisingeitumia, kwa sababu haziachi kuongezeka.

Zinaongezeka sasa hivi. Nyumba za zamani, zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, zinapisha maghorofa, na Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu moja ya jengo. Daftari la upanuzi litahitaji mtoto mpya, naye atarithi ardhi asiyoimiliki peke yake, na maswali ya aina yataongezwa katika kila ripoti. Daftari la Haki litahitaji klasi moja ya Sehemu, yenye jengo ilimo na fungu lake katika eneo la pamoja, na ripoti za zamani hazitaguswa. Linabaki jambo moja ambalo hata muundo huu unalidai kwa uangalifu: nyumba ikibomolewa, objekti yake isifutwe. Haki juu yake inapewa tarehe ya mwisho, na mkataba wa kodi ya ardhi vivyo hivyo, huku kiwanja kikiendelea na namba yake ileile, ili mjukuu atakayefika ofisini na risiti za kodi za babu yake akute kwamba nyumba ile ilikuwapo, ilikuwa ya nani, na ilisimama juu ya ardhi ya nani.